Kelele Zisizotakiwa Kwenye Spika za Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Spika zangu zinatoa kelele. Nianzie wapi?

Weka bisibisi pembeni kwanza. Unachohitaji sasa ni masikio na nobu ya volyumu. Kelele nyingi zinazosikika kwenye spika hazizaliwi humo. Spika inapaza tu kile inacholetewa. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tafuta kelele inaingilia wapi: kwenye chombo kinachocheza, kwenye nyaya, kwenye amplifaya, au kwenye spika yenyewe.

Simamisha muziki, shusha volyumu hadi sifuri, kisha ipandishe taratibu. Kelele ikipanda na kushuka pamoja na nobu, inaingia kabla ya nobu: chombo kinachocheza, waya wake, au hatua ya kwanza ya amplifaya. Ikibaki vilevile hata volyumu ikiwa sifuri, inatokea baada ya nobu, yaani kwenye pawa saplai (sehemu inayolisha amplifaya umeme) au kwenye hatua ya mwisho inayosukuma spika. Jaribio hili linachukua nusu dakika na linakuondolea nusu ya washukiwa.

Hatua ya pili: zima amplifaya, chomoa nyaya zote zinazoingiza sauti, zikiwemo za antena ya redio na waya wa mtandao kama upo, ubaki na umeme na spika tu. Washa. Ikiwa kimya, rudisha waya mmoja mmoja. Yule atakayerudi na kelele ndiye mshukiwa wako.

Hatua ya tatu ni kwa kelele inayotoka upande mmoja tu. Zima amplifaya, badilisha spika, ya kushoto iende kulia na ya kulia kushoto. Kelele ikihama na spika, tatizo ni spika au waya wake. Ikibaki upande uleule wa amplifaya, rudisha spika mahali pake, kisha badilisha plagi za RCA (zile za sauti zenye pini moja katikati) za kushoto na kulia nyuma ya amplifaya. Ikihama sasa, inatoka kwenye chombo au waya wa RCA; isipohama, iko ndani ya amplifaya. Usibadilishe vitu viwili kwa mpigo, maana hutajua kipi kilileta mabadiliko.

Nasikia mvumo mzito usiokatika, “mmmm”. Ni nini?

Ni umeme wa ukutani umeingia kwenye njia ya sauti. Umeme huo hupigapiga mara 50 kwa sekunde katika nchi nyingi, na mara 60 katika nyingine kama Marekani. Ila sikiliza vizuri ni mvumo gani. Mvumo wa chini kabisa, wa 50 au 60 Hz (mipigo kwa sekunde), mara nyingi hutokana na waya wa sauti ambao ngao yake, yaani wavu wa chuma unaouzunguka waya wa ndani, imekatika, au waya uliopita karibu na transfoma. Mvumo wa juu kidogo na wenye ukali, wa 100 au 120 Hz, ukisikika hata volyumu ikiwa sifuri, huelekeza kwenye kapasita kubwa (vipande vinavyohifadhi umeme) za pawa saplai zilizochoka: umeme ukishageuzwa kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja), mabaki yake hupiga mara mbili ya ule wa ukutani, na kapasita nzima ndizo huyalainisha. Simu yenye programu ya kuonyesha masafa ya sauti itakusaidia kutofautisha, ingawa maikrofoni za simu nyingi ni dhaifu chini ya 100 Hz.

Mvumo unaoanza pale tu unapounganisha vifaa viwili vinavyotumia umeme ni jambo lingine, nalo ndilo linalosumbua watu wengi zaidi.

Amplifaya peke yake iko kimya, lakini nikiunganisha televisheni au king'amuzi mvumo unaanza. Kwa nini?

Huo ni mzunguko wa ardhi. Vifaa vyako viwili vimeunganika kwa njia mbili: njia moja ni waya wa ardhi ulio kwenye plagi za umeme, nyingine ni ngao ya waya wa RCA unaopitisha sauti. Njia hizo mbili zikikutana zinafanya duara, na kwa kuwa ardhi ya soketi moja haiko sawasawa kabisa na ardhi ya nyingine, mkondo mdogo unazunguka humo. Ngao ya RCA ina ukinzani wake, hivyo mkondo ukipita unaacha volti kidogo juu yake. Amplifaya haiwezi kujua kwamba hiyo si sauti. Inaikuza pamoja na muziki.

Kwenye mifumo yenye televisheni, mkosaji wa kwanza wa kumkagua ni waya wa antena, dishi au kebo. Ngao yake huwa imefungwa ardhini mahali pengine kabisa, mbali na soketi zako. Uchomoe waya huo nyuma ya king'amuzi au televisheni huku mvumo unasikika. Ukikatika papo hapo, umeshapata jibu. Kuna kitenganishi kidogo cha waya wa antena kinachokata njia ya ardhi na kuacha mawimbi yapite. Kwa dishi, hakikisha ni kile kinachoruhusu umeme kupanda hadi kwenye kichwa cha dishi, la sivyo picha itapotea.

Kama si antena, fuata mpangilio huu, ambao unaanza na kisichogharimu kitu. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja iliyochomekwa kwenye soketi moja. Duara linakuwa fupi na tofauti ya ardhi inapungua. Mvumo ukibaki, tumia waya wa mwanga (optical) badala ya RCA iwapo vifaa vyote vina tundu lake: mwanga haupitishi umeme, kwa hiyo duara linakatika kabisa. Ikishindikana, weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, ya uwiano wa 1:1, katikati ya waya wa RCA. Inafanya kazi vizuri, ila zile za bei ya chini kabisa hupunguza besi, kwa kuwa kiini chake ni kidogo mno kwa sauti nzito.

Wufa (spika za sauti nzito) zenye amplifaya ndani yake hupata tatizo hili kuliko spika nyingine, maana huwekwa kona ya mbali, kwenye soketi ya ukuta mwingine, na waya wa RCA wa mita 5 au zaidi.

Nimesikia ukivunja pini ya ardhi kwenye plagi mvumo unaisha. Nifanye hivyo?

Usifanye. Ni kweli mvumo huisha, kwa sababu umekata duara, lakini umekata pia kinga yako. Waya wa moto ukilegea ndani na kugusa bodi ya chuma, kazi ya waya wa ardhi ni kubeba mkondo huo na kukata fyuzi au swichi kuu. Bila pini hiyo, bodi inabaki na umeme ikimngoja atakayeigusa, na umeme unaweza kusafiri kwenye ngao za RCA hadi kwenye vifaa vingine ambavyo vilikuwa salama. Kata duara upande wa sauti, kamwe si upande wa umeme.

Laptop inapochajiwa nasikia mlio mwembamba na mikwaruzo, na hubadilika nikisogeza kipanya.

Chomoa chaja. Kelele ikipotea wakati laptop inatumia betri, una tatizo la ardhi kupitia chaja. Chaja yenye pini tatu hutengeneza duara lilelile la ardhi. Ya pini mbili nayo si malaika: ndani yake kuna kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa laptop, na mkondo mdogo sana unaovuja hapo hutafuta njia ya kwenda ardhini kupitia waya wa sauti. Transfoma ya 1:1 ndiyo dawa ya haraka kwenye waya wa plagi ya milimita 3.5, ile ya vipokea sauti vya masikioni.

Mlio ukibaki hata kwenye betri, unatoka ndani ya laptop yenyewe: sehemu ya sauti imepangwa karibu mno na prosesa na saketi za kubadili umeme. Hapo tumia kifaa cha nje cha USB cha kutoa sauti, hasa chenye tundu la waya wa mwanga.

Mashine ya santuri tu ndiyo inavuma. Vingine vyote viko sawa.

Angalia kwanza waya mwembamba wa ardhi unaoambatana na RCA za mashine ya santuri. Unatakiwa ufungwe kwenye skrubu iliyoandikwa GND nyuma ya amplifaya. Ukiwa umelegea, umekatika ndani ya kichwa chake, au haukufungwa kabisa, utavuma.

Sababu ya santuri kuwa nyepesi kuvuma iko kwenye tarakimu. Kichwa cha sindano cha kawaida, aina ya sumaku inayocheza, hutoa takriban milivolti 5, wakati CD hutoa hadi volti 2, yaani mara 400 zaidi. Ili kufidia, tundu la PHONO hukuza sauti kama mara 100 kabla hata haijafika kwenye nobu, na juu ya hapo huongeza sauti nzito, kwa sababu santuri huchongwa ikiwa imepunguzwa besi. Kwa hiyo 50 Hz inakuzwa kuliko sauti za kati. Mvumo ambao usingeusikia kwenye CD, hapa unatawala chumba.

Waya wa ardhi ukiwa salama, inua sindano, pandisha volyumu kiasi, na usogeze mkono wa sindano taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati bila kugusa santuri. Mvumo ukiongezeka kadiri mkono unavyosogea, kichwa kinanasa sumaku ya mota. Ukibadilika ukihamisha mashine nzima, inanasa transfoma ya amplifaya iliyo chini au kando yake. Iweke mbali kwa nusu mita na usikilize tena.

Kisha kagua nyaya nne ndogo nyuma ya kichwa cha sindano: mweupe ni chanya cha kushoto, bluu hasi cha kushoto, mwekundu chanya cha kulia, kijani hasi cha kulia. Mmoja ukichomoka, upande wake huvuma kwa nguvu na muziki wake hufifia au kutoweka.

Kuna pia ngurumo inayokua yenyewe volyumu ikipanda huku sindano iko juu ya santuri. Hiyo si ya umeme. Spika inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inarudisha mtikisiko kwenye spika. Tenganisha spika na mashine, zisikae juu ya meza moja.

“Shhhh” inayosikika nikisogeza sikio kwenye twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ni ubovu?

Mara nyingi si ubovu. Kila amplifaya ina kiwango chake cha kelele, na kuisikia ukiwa na sikio sentimita 10 kutoka kwenye twita ni kawaida, hasa kwa spika zenye usikivu mkubwa wa desibeli 95 na kuendelea. Ukiisikia ukiwa umekaa mita 2 au 3, hapo kuna la kurekebisha.

Kosa la kawaida ni volyumu kupangwa kinyume: simu imewekwa asilimia 30, amplifaya imefunguliwa karibu yote. Amplifaya inakuza sauti ndogo pamoja na kelele. Pandisha simu au kompyuta hadi asilimia 90 hivi, kisha tumia nobu ya amplifaya kupunguza. “Shhhh” ya upande mmoja pekee, inayobaki kwenye upande huo baada ya kubadilisha RCA, ni transista au IC inayochakaa, nayo ni kazi ya fundi.

“Tit-tit-tit drrrr” inaingia ghafla kisha inaisha.

Ni simu ya mkononi kwenye mtandao wa 2G. Simu hiyo hairushi mawimbi mfululizo. Hurusha kwa vipande 217 kila sekunde, na 217 Hz ni sauti ambayo sikio linaisikia vizuri sana. Hutangulia sekunde chache kabla simu haijaita. Mitandao ya 3G na 4G hairushi kwa mpigo huo, hivyo tatizo huonekana zaidi pale simu inaporudi 2G. Isogeze mita 1 hadi 2 kutoka kwenye amplifaya na nyaya zake. Ruta ya Wi-Fi pia isikae juu ya amplifaya.

Nasikia stesheni ya redio kwenye spika wakati redio imezimwa. Inawezekana vipi?

Nyaya ndefu zimegeuka antena. Mawimbi yananaswa na waya wa spika au wa RCA, yanaingia kwenye amplifaya, na transista za ndani, au hata kiungo chenye kutu, zinayageuza kuwa sauti. Hutokea zaidi kwa stesheni za AM zilizo karibu.

Fupisha nyaya kwanza: waya wa mita 10 uliokunjwa nyuma ya kabati wakati unahitaji mita 3 ni mwaliko. Safisha plagi. Halafu weka kizingo cha feraiti, ile pete nyeusi ya kubana, karibu kabisa na mahali waya unapoingia kwenye amplifaya. Kupitisha waya mara moja tu hakusaidii sana. Uzungushe mara 3 hadi 5 kwenye pete ileile. Nguvu ya kuzuia hukua kwa kipeo cha pili cha idadi ya mizunguko, kwa hiyo mizunguko 3 huzuia karibu mara 9 kuliko mmoja. Fanya hivyo kwa nyaya zote za spika, za RCA na hata wa umeme, kisha ondoa moja moja ujue ipi ilihitajika.

Friji ikijiwasha au taa ikipunguzwa mwanga, spika zinapiga “tak” au zinaunguruma.

Swichi ya friji inapofunguka au kufunga hutoa cheche, na cheche ni mlipuko wa mawimbi ya masafa mengi kwa mpigo. Hamisha amplifaya kwenye soketi ya laini nyingine ya nyumba, au tumia ekstensheni yenye kichujio cha umeme. Hakikisha ni kichujio kweli: nyingi zilizoandikwa kinga ya umeme huzuia tu volti inayopanda ghafla, hazichuji kelele.

Dima za taa hukata umeme mara 100 au 120 kwa sekunde, na huunguruma zaidi taa ikiwa katikati ya mwanga wake. Zima dima kabisa usikilize. Taa za LED na chaja za ubora wa chini zina tabia hiyohiyo. Zizime moja moja.

Nobu ya volyumu inakwaruza nikiizungusha.

Vumbi na kutu vimekaa kwenye njia ya kaboni iliyo ndani ya nobu. Zima, chomoa kwenye umeme, fungua kifuniko. Tafuta upenyo mdogo karibu na miguu ya kipande chenyewe, pulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme kidogo tu, kisha zungusha nobu kutoka mwanzo hadi mwisho mara 20 hadi 30. Acha ikauke kabla ya kuwasha. Usitumie mafuta ya bawaba za milango: yanalainisha leo, kesho yanakamata vumbi zaidi.

Mikwaruzo ikirudi baada ya siku chache, usiendelee kupulizia. Huenda kuna DC inayopita kwenye nobu kwa sababu kapasita iliyo kabla yake inavujisha. Hapo hata nobu mpya itakwaruza.

Upande mmoja unapotea, nikipandisha volyumu kwa nguvu unarudi.

Hiyo karibu kila mara ni rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kulinda spika, ile inayopiga “klik” sekunde chache baada ya kuwasha. Midomo yake imechafuka, na sauti ndogo haina nguvu ya kupenya uchafu. Rilei mpya ya volti na miguu ileile ni bora kuliko kuisugua kwa msasa. Upande ukirudi kwa kugonga kifuniko badala ya kupandisha volyumu, tafuta lehemu iliyopasuka, hasa kwenye matundu ya RCA na vipande vinavyopata joto.

Nitajuaje spika yenyewe ndiyo mbovu?

Spika mbovu isiyo na amplifaya ndani yake haivumi wala haifanyi “shhhh” bila muziki. Kelele zake hufuata muziki: mkwaruzo, mtetemo, sauti iliyopasuka.

Ondoa kitambaa cha mbele. Weka vidole viwili pande mbili za koni ya wufa na uisukume ndani taratibu, sawasawa. Inatakiwa iende na kurudi kimya. Ukisikia msuguano, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) imepinda au imeungua na inagusa sumaku. Angalia ukingo wa sponji unaoizunguka koni. Ukimeguka ukiugusa, unabadilishwa wenyewe bila kununua spika nzima.

Pima kwa multimita, waya ukiwa umetolewa. Spika ya omu 8 husoma takriban 5.5 hadi 7, ya omu 4 husoma 3 hadi 3.8. Ikionyesha kwamba njia haiungi kabisa, koili imekatika. Kipimo hiki kikifanywa kwenye boksi zima huonyesha wufa tu. Twita huwa nyuma ya kapasita, kwa hiyo ipime kwenye miguu yake.

Kisha cheza sauti ya masafa yanayopanda kutoka 20 hadi 200 Hz kwa volyumu ndogo. Mtetemo ukitokea kwenye masafa fulani tu, bonyeza kwa kidole skrubu, kitambaa na matundu ya nyuma. Usisahau chumba: fremu ya picha na kioo cha dirisha vimewahi kusingizia spika nyingi.

Kishindo kikubwa wakati wa kuwasha au kuzima kina madhara?

Washa vyombo vingine kwanza na amplifaya mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie. Kishindo kidogo si neno. Lakini koni ikiruka na kubaki imesukumwa nje au ndani, zima mara moja: kuna DC inayokwenda kwenye spika, na itaunguza koili.

Toa spika, shusha volyumu hadi sifuri, washa, subiri dakika chache, kisha pima DC kati ya chanya na hasi cha matundu ya spika ya upande mmoja. Usipime kwenda kwenye bodi ya chuma, kwa sababu amplifaya nyingi za kisasa zina volti halali hapo. Chini ya milivolti 50 ni sawa. Zaidi ya 100, mpelekee fundi. Ikiwa volti nzima au zaidi, usirudishe spika.

Naweza kubadilisha kapasita za pawa saplai mwenyewe?

Kama unaweza kulehemu na unaheshimu umeme uliohifadhiwa, ndiyo. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa. Imalize kwa rezista ya kilo-omu 1 ya wati 5, ishikilie kwa kibano chenye mpini wa plastiki kwa dakika moja, kisha pima. Iwe chini ya volti 1 kabla hujaweka mkono. Usiigongeshe kwa bisibisi. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na ya kustahimili joto la nyuzi 105. Mguu hasi uelekee upande wa hasi (–), ukiigeuza italipuka. Amplifaya za valvu zina volti 300 na kuendelea ndani yake, hizo mwachie anayezijua.

Mvumo unatoka kwenye boksi la amplifaya, si kwenye spika.

Ni transfoma inayotetemeka. Kaza skrubu yake ya katikati, bila kupita kiasi. Ikivuma nyakati fulani tu, angalia ni kifaa gani kinawashwa wakati huo. Mashine ya kukaushia nywele ikiwa kwenye joto la chini hutumia nusu ya wimbi la umeme, na transfoma za duara huvuma kwa hilo. Izimwe, na mvumo utakoma wenyewe.